Suruali ya Baba Mwanzilishi

Ukifika Marumba kwa mara ya kwanza, usiulize saa. Utaonekana mshamba. Saa yetu iko juu ya mnara katikati ya Uwanja wa Uhuru, ina nyuso nne zinazotazama pande zote za jiji, na zote nne zinaonyesha saa mbili kamili asubuhi. Zilionyesha hivyo jana, zitaonyesha hivyo kesho, na Mungu akipenda wajukuu zetu watazikuta papo hapo.

Wageni hudhani imeharibika. Mimi huwaacha wacheke kwanza, kisha nawaeleza. Siku ya uhuru wetu sherehe ilipangwa kuanza saa mbili asubuhi. Waheshimiwa waliketi, bendi ilijipanga, na gavana wa kikoloni alikuwa amesimama karibu na mlingoti tayari kuikunja bendera yake aende zake kwao. Baba Mwanzilishi wa Taifa hakuonekana. Ofisa mmoja mwenye akili zake akapanda mnarani, akaishika mishale ya saa kwa mikono miwili isisogee. Baba Mwanzilishi alipofika jua lilikuwa la utosi na gavana alikuwa amezimia mara moja, lakini saa ilikuwa mbili kamili. Kwa hiyo hakuchelewa. Jambo hili liko kwenye sheria.

Tangu hapo shughuli zote za serikali yetu huanza saa mbili kamili, na hakuna kiongozi wetu hata mmoja aliyewahi kuchelewa. Nasikia ziko nchi ambako wananchi huanikwa juani kumngoja mkubwa. Poleni sana.

Nchi yetu yenyewe haipo. Nalisema mapema ili msihangaike kuitafuta kwenye ramani, na ili asije mtu akadai nimemsema. Mimi naitwa Kitwana Mbaruku, mwongozaji wa wageni mwenye leseni ya Wizara ya Ukale na Mandhari. Niliapa kusimulia mambo yaliyothibitishwa tu. Yasiyothibitishwa nayasikia kama watu wengine, lakini yakiingia kwa sikio hili nayasindikiza mpaka yatoke kwa lile.

Na mambo yaliyothibitishwa Marumba hayana mwisho. Tuna daraja kubwa la chuma, zawadi ya nchi rafiki, lililojengwa mahali pasipo na mto. Watu wenye haraka ya kulaumu husema ni kosa. Sivyo. Daraja liliwahi, mto ndio umechelewa. Idara ya Mto ipo, ina mkurugenzi na manahodha, na kwenye nguzo za daraja pamebandikwa onyo la kuogelea. Hajafa maji mtu hata mmoja. Nioneshe daraja lingine duniani lenye sifa hiyo.

Tuna pia sanamu ya Baba Mwanzilishi, ndefu kuliko mnazi, iliyojengwa ikiwa imeshikamana na ukuta wa Benki Kuu. Huwezi kuizunguka. Picha zake zote, kwenye noti, kwenye stempu, kwenye madaftari ya watoto wa shule, zinamwonyesha kwa mbele. Hata ile suruali nyeupe aliyoivaa siku ya uhuru, iliyo katika Nyumba ya Makumbusho, imevikwa mdoli wa mbao uliosimamishwa mgongo ukutani, na kamba nyekundu mbele yake. Miaka yote niliyofanya kazi hii sikuwahi kujiuliza kwa nini. Mimi si mtu wa kuzunguka nyuma ya mambo.

Mkiniuliza Baba Mwanzilishi alikuwa wapi asubuhi ile, nitawajibu kama kila mtoto wa shule: alikuwa juu ya Mlima wa Maombi, akiliombea taifa. Mahali alipopiga magoti pana hoteli nzuri ya shemeji yake Waziri wetu. Chai yao si mbaya.

*

Mambo yalianza pale ilipotangazwa redioni kwamba Baraza la Miji Mikuu ya Kale, lenye makao yake huko ng'ambo, litatuma wajumbe kuikagua Marumba. Tukifaulu, tungeingizwa katika orodha moja na ile miji mikubwa yenye magofu. Waziri wa Ukale na Mandhari, Mheshimiwa Profesa Ndimbo, alihutubia taifa kwa muda mrefu hata betri za redio yangu zikaisha, nikaenda kumalizia hotuba kwa jirani.

Shida ilikuwa moja. Jiji letu ni changa. Wapo watu bado wanaolalamika kwamba barabara ya bungeni ilipita kwenye shamba lao la mihogo. Mheshimiwa Waziri aliliona hilo, akaunda Kamati ya Kuthibitisha Yaliyotokea, naye mwenyewe akawa mwenyekiti. Kila mwenye nyumba katika mitaa ya katikati ya jiji alitakiwa afike mbele ya Kamati aeleze nyumba yake ina historia gani. Nyumba yenye historia ingepigwa kibao cha shaba na haingeguswa. Nyumba isiyo na historia ingebomolewa kupisha maegesho ya magari ya wajumbe.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi, nami naijua kwa moyo kwa sababu tuliiimba kwenye semina. Nyumba yenye historia haibomolewi, haikarabatiwi, na chochote kilichokuwemo siku ya tukio hakiondolewi humo milele. Tuliiimba kwa sauti tatu. Mheshimiwa aliguswa.

Mtaa wetu ni Mtaa wa Cherehani, nyuma kidogo ya Makumbusho. Zamani ulikuwa wa mafundi nguo, na bado ukipita asubuhi utasikia cherehani zikisema kwenye vibaraza. Watu wa mtaani hawakusita. Shengena kinyozi aliiambia Kamati kwamba Baba Mwanzilishi alipita mbele ya kibanda chake akafikiria kunyoa. Kamati ikauliza alijuaje kama alifikiria. Shengena akasema alimwona akijishika kidevu. Kibao kikapigwa. Muuza kahawa naye alisema Baba Mwanzilishi alikohoa mbele ya mlango wake, tena kikohozi cha kizalendo, na Katibu wa Kamati, Bwana Mchopa, akasimama kwa heshima. Kibao kikapigwa. Wiki haikwisha, mtaa wetu ukawa na historia kuliko kitabu.

Akabaki Bi Mwatumu.

Bi Mwatumu ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ni fundi nguo, kama mama yake marehemu, Bi Siwema. Ni mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, na ana mdomo ambao hata mwenye nyumba aliyefika kudai kodi ya mtu mwingine aliwahi kuukimbia. Nyumba yake ni ya vyumba viwili na ua. Alizaliwa humo, aliolewa humo, alifiwa humo. Hana mahali pengine, na alikuwa akisema hataki kuwa na mahali pengine.

Nilimwendea, nikampa shikamoo, nikamshauri aombe historia nyepesi tu isiyo na madhara. Kwa mfano, kwamba Baba Mwanzilishi alipita akasifu harufu ya pilau ya mama yake. Aliniangalia juu ya miwani.

"Kitwana, mwanangu," akasema, "nyumba hii kilichotokea nakijua. Nikasingizie pilau kwa nini?"

Nilikuwa sijapata kukutana na mtu mwenye historia ya kweli, na sikujua kama leseni yangu inaruhusu.

*

Kamati ilikaa saa mbili kamili, yaani baada ya chakula cha mchana. Bi Mwatumu aliingia na mkoba wake, akakaa kabla ya kuambiwa, akaeleza.

Alisema asubuhi ya uhuru yeye alikuwa mtoto wa kushika pini. Baba Mwanzilishi alikuwa anakuja uwanjani kwa gari la kuazima. Akashuka pale kona ili atembee kati ya watu kama kiongozi wa watu, na katika kushuka suruali yake nyeupe ikachanika nyuma, kuanzia kwenye mkanda hadi mahali ambapo heshima ya Kamati haikumruhusu kuendelea. Akaingia kwa mlango wa uani, wa kwao, akaomba sitara. Mama yake akamfunga shuka, akakalisha suruali kwenye cherehani, sindano ikavunjika. Ikabidi ashone kwa mkono. Kitambaa cheupe hakikuwepo, akakata kiraka kutoka kwenye pazia la chumbani, pazia la mananasi ya njano.

Hapo Bwana Mchopa aliacha kuandika. Lakini Bi Mwatumu alikuwa amekwisha kufika mahali pake, na sauti yake ikabadilika.

Alisema yule hakuwa mtu wa sanamu. Alikuwa kijana, na alikuwa anatetemeka. Shuka lilikuwa linacheza magotini. Aliendelea kusema watu wananingoja, watu wananingoja, nitawaambia nini, na haikuwa suruali tu aliyokuwa akiiogopa. Mama akamletea chai na mihogo, akamwambia maneno ambayo Bi Mwatumu aliyarudia mbele ya Kamati taratibu, neno moja moja.

"Kaa, mwanangu. Watakusubiri. Hawana mwingine."

Akakaa. Akala mihogo yote, akaomba na chachandu ya pilipili. Alipokuwa anatoka na suruali yake imeshonwa, aliushika mkono wa Bi Siwema kwa mikono yake miwili akamwambia, "Mama, leo umelisitiri taifa." Bi Siwema hakulisimulia kwa mtu maisha yake yote, kwa sababu fundi hatangazi kilichochanika cha mteja. Bi Mwatumu naye asingelisema, ila sasa wanataka kuibomoa nyumba ya mama yake.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, na sioni haya kusema hili. Nimesimulia habari za Baba Mwanzilishi kwa maelfu ya wageni na sikuwahi hata mara moja kumpenda mpaka siku ile.

Mheshimiwa Waziri akavua miwani.

"Bibi," akasema, "katika historia iliyothibitishwa, Baba wa Taifa hana sehemu ya nyuma."

Akaeleza kwa upole wa msomi. Kiongozi hutazama mbele. Kiongozi anayetazama mbele huonekana kwa mbele. Kiraka hakikuonekana na mtu, kwa hiyo hakikuwepo. Mananasi si alama ya taifa. Zaidi ya hayo, asubuhi ile Baba Mwanzilishi alikuwa mlimani, na hoteli ipo, mtu yeyote anaweza kwenda kuiona. Kamati ikapiga kura, ikaamua kwamba katika nyumba ya Bi Mwatumu hakikuwahi kutokea kitu.

*

Tingatinga lilifika kesho yake. Dereva alikuwa mtu wa makamo, mtiifu sana, aliyepewa amri yenye muhuri isemayo abomoe ifikapo saa tatu asubuhi. Akazima injini, akatazama mnara wa saa, akakaa kungoja.

Jua lilipanda, likashuka. Saa ilikuwa mbili. Dereva alikula chakula kwa Bi Mwatumu, akashonewa kola ya shati, akalala ndani ya tingatinga. Kesho yake akaendelea kungoja. Shengena kinyozi alimnyoa bure ili apate kumdodosa, akasema mtu yule hana hila, anangoja kweli. Bwana Mchopa alikuja kumkaripia, dereva akamwonyesha amri kwa kidole, akamwonyesha saa, akamuuliza kama anamwagiza aanze kazi ya serikali kabla ya wakati. Bwana Mchopa akaondoka haraka. Kusema hadharani kwamba saa ile haisogei ni kosa, na adhabu yake ni mbaya.

Amri mpya, yenye saa mbili, ilibidi ipitie Wizara ya Saa, Wizara ya Ukale, na kwa sababu nisizozijua, Idara ya Mto. Bi Mwatumu aliendelea kushona kibarazani mbele ya lile dude la chuma. Nilimuuliza kama anaogopa. Akasema anaogopa sana, usiku halali, akisikia mlango unalia anadhani ndiyo amri hiyo imefika. Lakini ana gauni la harusi la watu la kumaliza.

Na katika kungoja huko, wajumbe wa Baraza la Miji Mikuu ya Kale wakafika. Walifika mapema, kwa sababu walitumia saa zao.

*

Niliteuliwa kuwaongoza. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mzee wa ng'ambo mwenye viatu vya kutembelea, aliyejifunza Kiswahili chetu vizuri kuliko sisi. Mheshimiwa Waziri alitembea kando yake akimweleza. Daraja lilimfurahisha, ingawa aliinama kutazama chini kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima. Kibao cha kikohozi alikisoma mara mbili. Alisema miji yote mikuu inafanana: kote ameonyeshwa kiti cha mtu fulani na upanga wa mtu fulani, na miguu yake inamuuma.

Tukafika mbele ya suruali. Nikasimulia kama ninavyosimulia siku zote: weupe wake ni amani, mikunjo yake ni nidhamu. Mama yule akauliza kama anaweza kuiona kwa nyuma.

"Haina," akasema Mheshimiwa Waziri.

Wajumbe wakadhani hawakusikia vizuri. Wakati wanaulizana, nikamwona Bi Mwatumu. Sijui aliingiaje, nadhani alilipa kiingilio kama watu wengine. Alipita katikati yetu, akasema samahani kwa kila mtu aliyemkanyaga, akainama chini ya kamba nyekundu. Akaushika mdoli mabegani, kama fundi anavyomgeuza mteja anapompima, akaugeuza.

Kiraka kilikuwa pale. Kikubwa, cha mviringo, mananasi ya njano yamepauka kidogo, na mishono midogo midogo, imepangana sawasawa bila hata mmoja kuruka. Bi Mwatumu alitoa mkobani kipande cha pazia kilichobaki, akakiweka kando ya kiraka. Nanasi lililokatwa katikati likakamilika. Alipitisha kidole kwenye mishono ya mama yake.

Yule mama wa ng'ambo aliuliza ni nani aliyeshona. Bi Mwatumu akamweleza, kwa ufupi, pamoja na chai na mihogo. Mama yule akatoa leso akajifuta macho. Akamwambia Waziri kwamba amezunguka dunia nzima akionyeshwa nguo za wakubwa, na hii ni ya kwanza kuiona ikiwa na mtu ndani yake. Akauliza nyumba yenyewe iko wapi, kwani kwa maoni yake mji wenye kitu kama hiki hauhitaji kitu kingine.

Watu wengi humlaumu Profesa Ndimbo, lakini mimi nilikuwepo na niliona jinsi msomi anavyofikiri. Jasho lilimtoka, likakauka, na lilipokauka alikuwa na hotuba.

Alisema serikali ililijua jambo hili siku zote na ilikuwa inalitunza kwa ajili ya siku hii tukufu. Ni kweli Baba Mwanzilishi alikuwa mlimani asubuhi ile, lakini alikuwa mlimani kiroho. Kimwili alikuwa katika nyumba hiyo, akiliombea taifa. Aliliombea akiwa amekaa. Aliliombea kwa muda mrefu na kwa nguvu kiasi kwamba suruali ilichakaa mahali pale pa kukalia. Na mwanamke mzalendo wa mtaa ule aliitia kiraka mbele ya shahidi mdogo, mtoto wa nyumba, ambaye ni huyu Bi Mwatumu mliyenaye hapa. Akamshika mkono akauinua juu. Wapiga picha wakapiga. Wajumbe wakapiga makofi, nami nikapiga.

Jioni ile ile dereva wa tingatinga aliambiwa aondoke. Aliondoka kwa huzuni. Alimwachia Bi Mwatumu salamu na suruali mbili za kupunguza.

*

Furaha ilikuwa mtaani kote. Nyumba ilikuwa imepona, tena kwa heshima. Kibao chake kilikuwa kikubwa kuliko cha kinyozi na cha kahawa vikiunganishwa.

Bwana Mchopa alikuja kukipiga mwenyewe, na alipomaliza akamwomba Bi Mwatumu ampe funguo. Akaeleza kwamba nyumba zilizopitiwa, zilizokoholewa na zilizofikiriwa zina historia ndogo, zinaweza kukaliwa na watu. Lakini hii ni nyumba ambamo Baba Mwanzilishi alikaa. Hii ni historia kubwa, na historia kubwa haikaliwi na mtu wa kawaida. Serikali imemtafutia Bi Mwatumu chumba nje ya jiji, mahali pazuri pasipotokea kitu chochote.

Nilimwona Bi Mwatumu akikaa chini kwenye kizingiti. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. Alikuwa ameipigania nyumba isibomolewe, na sasa imesimama imara ili imfungie nje. Majirani tulisimama tunatazama vibao vyetu.

Kisha akaniita. "Kitwana, ule wimbo wenu wa semina. Hebu niimbie."

Niliona aibu, lakini nikaimba. Nyumba yenye historia haibomolewi. Haikarabatiwi. Na chochote kilichokuwemo siku ya tukio hakiondolewi humo milele.

"Rudia hapo mwisho," akasema.

Nikarudia. Bi Mwatumu akainuka, akajikung'uta vumbi.

"Mimi nilikuwemo," akamwambia Bwana Mchopa. "Waziri wako amesema mwenyewe, mbele ya wageni, na picha zimepigwa."

Akaingia ndani, akaanza kutwanga viungo.

Kamati ilikutana kwa dharura. Wapo waliosema sheria ilikusudia vyombo, si watu. Lakini Bwana Mchopa, ambaye ni mtu wa maandishi, aliwasomea kwamba imeandikwa chochote, na hakuna mahali ilipoandikwa kwamba kitu hicho kisiwe kinapumua. Kumtoa ni kuvunja sheria. Kusema hakuwemo ni kumwita Mheshimiwa Waziri mwongo, tena mbele ya Baraza ambalo lilikuwa bado halijatoa matokeo. Mwishowe wakamsajili. Bi Mwatumu binti Siwema akawa mali ya kale ya taifa, akapewa kibandiko.

Kuwa mali ya kale kuna masharti. Asiguswe. Asihamishwe. Akiugua, daktari aombe kibali cha ukarabati, na kama mlivyosikia, ukarabati hauruhusiwi, kwa hiyo huwa daktari anakuja kama mgeni na kulipa kiingilio. Na kwa kuwa mali ya kale haisemi, naye asiseme mbele ya wageni. Hilo ndilo lililomuuma. Kibao kinasema Baba Mwanzilishi aliliombea taifa humu akiwa amekaa, mimi nakisoma kama kilivyo, na yeye yuko kwenye cherehani yake, nyuma ya kamba nyekundu, ananisikiliza. Lakini hakuna kifungu kinachozuia mali ya kale kufanya kazi. Nikifika kwenye neno aliliombea, yeye huinua suruali yoyote anayoishona, huigeuza nyuma mbele, na kuitandaza kwenye mwanga. Wageni wa nje hucheka. Wenyeji hawacheki. Hutazama, husoma kibao tena, na wakitoka nje kila mmoja hujipapasa nyuma kama aliyesahau kitu.

*

Tulifaulu. Marumba iliingizwa kwenye ile orodha, na ikapangwa kwamba matokeo yatangazwe rasmi siku ya uhuru, mbele ya nyumba ya Bi Mwatumu, saa mbili kamili.

Umati ulikuwepo tangu alfajiri. Jua lilikuwa la utosi Mheshimiwa Waziri alipofika, amevaa suruali nyeupe iliyoshonwa mahsusi kufanana na ile ya Makumbusho, isipokuwa yeye ni mtu aliyeshiba zaidi. Utepe ulifungwa mlangoni chini kidogo, nadhani kwa sababu Bwana Mchopa ndiye aliyeufunga na ni mfupi. Mheshimiwa alipokea mkasi. Akainama.

Sauti ya kitambaa kuchanika niliisikia mimi, na nadhani aliisikia na yule mama wa ng'ambo, maana aliangalia pembeni kwa adabu. Mheshimiwa Waziri hakuinuka kabisa. Aligeukia umati, akarudi kinyumenyume, nusu ameinama, akipunga mkono, akavuka utepe na kizingiti, na nilipoingia baada yake akaniambia kwa macho nifunge mlango.

Ndani kulikuwa na harufu ya tangawizi. Alikuwa amesimama mgongo ukutani, viganja vimebana ukuta, jasho linamchuruzika. Nje bendi ilianza wimbo wa kumngojea. Alisema watu wananingoja. Akasema tena. Nikatazama pembeni, kwa sababu nilikumbuka ni nani aliyewahi kusema hivyo katika chumba kile, na sikutaka kulifikiria jambo hilo nikiwa kazini.

Bi Mwatumu alitoka nyuma ya kamba yake. Mbele ya mgeni haruhusiwi kusema, lakini labda aliona aliyekuwa pale si mgeni tena. Alivuta kigoda, akakiweka mbele ya Waziri, akamtupia shuka.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Watakusubiri."

Mheshimiwa akakaa. Nami nikangoja Bi Mwatumu amalizie, kwa sababu maneno ya mama yake nilikwisha kuyajua, na yalikuwa yamebaki mawili: hawana mwingine. Hakuyasema. Aliichukua suruali, akaitazama mpasuko wake dhidi ya mwanga, akaanza kutafuta sindano taratibu, kwenye kikopo hiki, kisha kile, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

Huko nje ilikuwa bado saa mbili.